Pasi Haikuwa na Kosa

Nyuma ya jukwaa la ukumbi wa parokia ambamo nilikuwa fundi wa taa, hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, palikuwa na chumba kidogo. Ndani yake aliishi mama mmoja aliyekimbia vita vya Djugu, akafika mjini na kitenge alichovaa na Biblia isiyo na jalada. Mimi ndiye niliyesababisha atolewe humo. Ninalisema hilo mwanzoni kwa sababu nimewahi kuwasimulia watu habari hii kwa namna nyingine, nikianza na nyaya na vipimo, na kila mara, nilipomfikia yule mama, msikilizaji alikuwa ameshanihurumia mimi.

Nilisoma umeme katika shule ya ufundi. Darasani tulikuwa wasichana wawili. Mwenzangu akaolewa kabla ya mwaka wa mwisho, nikabaki peke yangu na wavulana. Familia yetu ilikuja Bunia kutoka Butembo kwa ajili ya biashara, na baba yangu alitaka niuze vitambaa dukani kama dada zangu. Nilipokataa, aliniambia, "Utaona weye mwenyewe kama batu batakuita upande juu ya nyumba zao." Waliniita, ingawa si wengi, na kila nilipopanda ngazi alikuwepo mwanaume chini wa kunieleza namna ya kushika koleo. Mwanaume akikosea kufunga waya, watu husema waya ni mbaya. Mimi nikikosea, watasema mwanamke hawezi. Nadhani ndiyo sababu nilijizoeza kutokosea mbele ya watu, yaani kutokubali kwamba nimekosea. Hayo ni kweli tupu, lakini si udhuru. Nimejaribu kuyatumia kama udhuru na hayatoshi.

Vifaa vya taa vya ukumbi ule vilifika kwa lori kupitia mpaka wa Mahagi, vikiwa vimeshatumika miaka mingi huko Kampala. Zilikuwa taa nane kubwa za jukwaa, pamoja na sanduku la chuma tunaloliita gradateur. Sanduku hilo ndilo linalofanya mwanga upande polepole kama kunavyokucha, au ushuke mpaka giza, badala ya kuwaka na kuzimika ghafla kama taa ya jikoni. Lilikuwa na njia sita za umeme, na kila njia ilikuwa na kijiti chake cha kusukuma juu na chini. Sikumjua mtu mwingine hapa mjini aliyewahi kufungua sanduku la namna ile. Mimi nilikuwa nimejifunza kazi hiyo kwa majuma mawili tu. Watu wa parokia walipoona nalifungua kama sanduku la nyumbani, walidhani nimesomea miaka, nami sikuwasahihisha.

Yule mama alikuwa na umri wa mama yangu mdogo. Alifagia ukumbi, alivuta kamba ya pazia wakati wa mazoezi, na alipiga pasi nguo za waigizaji. Pasi yake ya umeme alipewa na akina mama wa kwaya. Siku ambazo umeme ulikuwepo alipiga pia nguo za majirani, mashati ya walimu na makoti ya harusi, na ndivyo alivyokula. Siku ya kwanza aliponiona juu ya ngazi, alipiga makofi.

"Mutoto yangu! Unapanda sawa nyani! Mungu akulinde."

Hakunieleza namna ya kushika koleo. Alikuja akashika ngazi, basi, na tangu siku ile kila nilipopanda ni yeye aliyeishika.

Matatizo yalianza wakati kikundi cha maigizo kilipokuwa kinatayarisha igizo la ndugu wawili wanaogombania shamba. Mwongozaji wao, kijana mpole aliyevaa kofia hata ndani ya ukumbi, alikuwa ameongeza ngoma katikati ya igizo, na wachezaji walihitaji nafasi. Basi akaomba pazia, ambalo siku zote lilifunguliwa mpaka karibu na ukuta, lisukumwe sasa mpaka mwisho kabisa. Hilo ninalielewa leo. Wakati ule halikunigusa. Niliona ni mambo ya pazia.

Jumamosi moja mchana, mazoezi yakianza, pazia likafunguka, nikapandisha taa, na papo hapo tukasikia "tak!" Ukumbi ukawa giza. Tulikuwa tumefunika madirisha kwa vitambaa vyeusi, kwa hiyo hatukuonana hata nyuso. Kilichoanguka ni disjoncteur, ile swichi inayojikata yenyewe nyaya zikigusana mahali fulani. Yule mama akalirudisha pazia nusu, nikaipandisha, ikakaa. Tukaendelea. Siku mbili baadaye ikaanguka tena, na safari hii, nilipoirudisha, taa mbili za njia ya tatu ziliwaka kwa nguvu zote na kukataa kushuka hata niliposukuma kijiti mpaka chini.

Nilifungua sanduku. Katika kila njia mna kipande kidogo cheusi chenye miguu mitatu kinachopunguza mwanga, tunakiita triac. Cha njia ya tatu kilikuwa kimekufa. Nilijua sheria, kwani ilikuwa katika vitu vya kwanza nilivyofundishwa: triac haijiui. Ikifa, tafuta kwanza kilichoiua ndipo uweke nyingine. Lakini mwongozaji alikuwa anangoja na waigizaji ishirini, na nyuma yangu alikuwa amesimama mwenyekiti wa komite ya ukumbi, mzee mmoja mwalimu mstaafu ambaye sisi sote tulimwita Prezida. Nikaweka nyingine. Kesho yake nayo ikafa.

Ndipo nilipoanza kutafuta kwa utaratibu. Nilikuja asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Nilichomoa taa zote nane, nikazipanga sakafuni. Nilipima kila taa, kila plagi, kila waya kutoka kwenye sanduku hadi juu ya jukwaa. Kipimo changu hulia mlio mwembamba kama wa kifaranga pale nyaya mbili zisizopaswa kukutana zinapokutana. Asubuhi ile kililia kila nilipogusisha ncha zake mbili pamoja ili kuhakikisha ni kizima, lakini kwenye nyaya kikabaki kimya. Pazia lilikuwa limefungwa muda wote huo, vumbi lisiingie jukwaani. Sikuliwaza.

Yule mama alikuwa mlangoni mwa chumba chake, ameshika ufagio.

"Mutoto yangu," alisema, akiuita umeme courant kama wengi wetu hapa, "mi ninaonaka kitu moja. Courant inakatika wakati pazia inafika ku mwisho. Siku pazia inabakia nusu, haikatike."

Waigizaji wawili waliokuwa wamewahi walikuwa wamekaa ukingoni mwa jukwaa. Walinitazama waone nitajibu nini.

"Mama," nikasema, "pazia ni kitambaa. Kitambaa haibebake courant."

Wale wawili wakacheka. Nami nikacheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Alisema, "Eeh, mi sijue mambo ya courant. Mi ninasema kile ninaona." Akaendelea kufagia.

Mtu wa kazi yangu akipewa habari ya namna ile na fundi mwenzake, hushukuru. Hiyo ndiyo habari tunayoitafuta: hitilafu inatokea lini, na nini kinasogea wakati inatokea. Mimi niliipokea kutoka kwa mwanamke mwenye ufagio, nikaitupa.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Prezida alikuja kuniona. Igizo lilibakiza majuma matatu na waalikwa walikuwa wamekwisha kupewa barua.

"Mama ingénieur," alisema. Aliniita hivyo, na sikuwahi kujua kama ni heshima au mzaha. "Ile kosa unaipata ao hauipate? Iko fundi moja Kampala, mwanaume muzuri, batu banamusifu. Tumuite?"

"Hapana, Prezida. Nitaipata."

Alizunguka jukwaa, mikono nyuma, kama anayekagua madaftari. Akafika kwenye mlango wa chumba. Ndani, juu ya meza, palikuwa na blanketi lililokunjwa, shati la mmoja wa ndugu wa igizo, na pasi.

"Na hii pasi," akasema, "inakulaka courant hii hii ya jukwaa?"

"Ndiyo, plagi ni moja."

"Na waya yake umeiangalia?"

Niliichukua. Waya wake ulikuwa wa zamani, umevikwa kitambaa kilichochakaa na kufumuka nyuzi, lakini chini ya kitambaa mpira ulikuwa mzima. Niligusisha ncha moja ya kipimo kwenye chuma cha pasi, ya pili kwenye mguu wa plagi. Kama pasi ingekuwa inavujisha umeme, kipimo kingelia. Hakikulia. Nikahamia mguu wa pili, nacho kikanyamaza vile vile. Prezida hakujua kusoma kipimo. Alikuwa ananisoma mimi usoni. Yule mama alisimama kando ya kitanda chake, mikono ameifunga kwenye kitenge.

"Inawezekana ni hii," nikasema.

"Inawezekana, ao ni hii?"

Nilitazama zile nyuzi zilizofumuka. Mtu yeyote angeziona akasadiki.

"Ni hii."

Yule mama alisema polepole, "Lakini juzi wakati courant ilikatika, pasi ilikuwa juu ya kabati. Haikukuwa ata mu plagi."

Nami nilimjibu, na hili ndilo ninalolikumbuka nikiwa nimekaa peke yangu, hata barabarani, hata kanisani. Nilimwambia, "Mama, madhara ya pasi inabakiaka ndani ya nyaya, ata ukiitosha mu plagi." Ni upuuzi. Hakuna kitu kama hicho. Nilichukua maneno ya kazi yangu nikamfungia nayo mdomo.

Prezida alisema pasi ikae kwenye kabati la ofisi. Yule mama akamkabidhi kwa mikono miwili. Nilidhani mambo yangeishia hapo, na nilijiambia kwamba pasi si kitu kikubwa. Lakini siku ya tatu komite ilikutana, na Prezida akaeleza kwamba si vema mtu kulala ndani ya ukumbi wenye mitambo ya umeme. Leo ni pasi, kesho ni réchaud ya kupikia. Mmoja wa wanakomite akasema, "Batu ba kukimbia, banatoka mu mashamba, courant habaijue." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimeitwa nitoe maelezo ya ufundi. Niliwajua wauza duka wa mjini wasioujua umeme hata kama alivyoujua mama yule. Waliponiuliza kama hatari ipo kweli, nilisema ipo kidogo.

Alihama asubuhi ya Jumanne. Vitu vyake vyote viliingia kwenye beseni moja na mfuko mmoja. Kabla ya kutoa ufunguo alifagia kile chumba, akafuta meza, akafunga dirisha. Mimi nilikuwa juu ya jukwaa na bisibisi mkononi, nikijifanya nakaza kitu. Alipopita alisimama.

"Mi ninaenda ku mtaa ya Shari, kwa mama moja tunasalaka naye kanisani. Ubakie na Mungu, mutoto yangu."

"Aksanti, Mama," nikasema. Aksanti! Kana kwamba ni yeye aliyekuwa amenipa kitu.

Triac mbili nilizoagiza Kampala zilifika kwa dereva wa lori siku chache baadaye. Niliweka moja, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikawasha. Taa zilipanda na kushuka vizuri. Nilikuwa peke yangu ukumbini, saa nne za asubuhi, na kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuvuta pazia, nilishuka nikalivuta mwenyewe ili nione jukwaa lote. Lilipofika mwisho kabisa nikasikia "tak!"

Nilisimama gizani nimeshika kamba. Nililirudisha pazia nusu, nikaenda kupandisha disjoncteur. Ikakaa. Nikarudi, nikalivuta mpaka mwisho. Tak. Sikuhitaji mara ya tatu. Nilichukua ngazi na kupanda bila mtu wa kuishika.

Lile pazia linaning'inia kwa pete za chuma kwenye bomba refu. Siku nilipofunga taa, miaka iliyopita, nilipaswa kupitisha waya wa njia ya tatu ukutani, kwenye misumari yake yenyewe. Ilikuwa kazi ya saa mbili hivi. Mimi nikaufunga kwenye bomba la pazia, mwishoni, mahali ambapo pazia halikuwa linafika, nikasema nitakuja kurekebisha. Sikuja. Sasa pazia lilikuwa linasukumwa mpaka pale, na pete ya mwisho, iliyolika upande mmoja ikawa kali kama kisu, ilikuwa inaukata mpira wa waya wangu kidogo kidogo. Niliona shaba inang'aa, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Bomba lenyewe nilikuwa nimeliunga na waya wa ardhi kwa ajili ya usalama. Pete ikigusa shaba na bomba kwa pamoja, umeme wote ulikimbilia ardhini, triac ikafa, disjoncteur ikaanguka. Pazia likirudi nusu, hakuna kinachogusana, na kipimo hakina cha kulilia.

Aliniambia. Alikuwa ameniambia neno kwa neno.

Nilikata kile kipande cha waya, nikapitisha mpya ukutani kwenye misumari kama nilivyopaswa, nikaweka triac ya pili. Kipande kilichokatwa nilikitia kwenye mfuko wangu wa vifaa, chini kabisa, nikakifunika na kitambaa. Hakuna aliyekuwa ananiona. Nilikificha hata hivyo.

Igizo lilifanyika Jumapili mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye milango. Pazia lilifunguka mpaka mwisho, mwanga ukapanda taratibu juu ya wale ndugu wawili na jembe lao, na watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, na sijaona mwanga mzuri kama ule. Mwishoni Prezida alipanda jukwaani kushukuru. Alisema kwamba kulikuwa na hitilafu kubwa ya umeme lakini tangu ile pasi iondolewe mambo yamenyooka, na ukumbi umshangilie mama ingénieur aliyegundua. Walinishangilia. Baba yangu alikuwa kwenye safu ya tatu. Alisimama kupiga makofi. Nikasimama nami, nikainama kidogo kama waigizaji.

Baada ya siku ile nilikuwa na kazi nyingi kuliko zamani. Hoteli mbili ziliniita, na shule moja. Kila waliponisifu kwa ile habari ya pasi nilibadilisha mazungumzo, wakaona ni unyenyekevu.

Miezi miwili hivi ikapita. Siku moja nilikwenda Shari kumfungia mteja plagi. Nikiwa natembea na mfuko begani, nikasikia naitwa.

"Mutoto yangu! Karibu!"

Alikuwa kwenye baraza ya nyumba ya matofali mabichi, amesimama mbele ya meza yenye blanketi. Mkononi alikuwa na pasi ya makaa. Aliipuliza, majivu yakaruka, akayapangusa kwenye kola ya shati jeupe kwa kidole chenye maji, haraka, kabla hayajatia doa. Kwenye vidole vyake niliona alama za kuungua. Alinikaribisha kwenye kigoda, akaniuliza habari za baba, za kazi, za igizo. Kisha akauliza bila kuniangalia, akinyoosha mkono wa lile shati, "Pazia, munaifunguaka sasa mpaka ku mwisho?"

"Ndiyo, Mama."

"Na courant?"

"Haikatike tena."

Alinyunyizia shati maji, akalipiga pasi upande mmoja, akaligeuza.

"Basi, uliona."

Hakuuliza. Alisema tu. Ilikuwa nafasi yangu, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa anasikia. Nikasema, "Mama, niko na haraka kidogo, mutu moja ananingojea," nikachukua mfuko wangu nikaondoka. Yule mteja wangu alikuwa ananingoja kweli, lakini tangu lini mteja wa Bunia alikufa kwa kungoja fundi? Nilifunga plagi yake vibaya, ikabidi niifungue na kuanza upya.

Kesho yake nilikwenda kwa Prezida, nyumbani kwake. Nilikitoa kile kipande cha waya nikakiweka mezani, nikamweleza yote, hata kipimo. Alikisogeza kwa kidole.

"Kile chumba tulishaweka vyombo vya kwaya," alisema. "Sasa weye unataka tufanye nini?"

"Nataka batu bajue, Prezida. Pasi ilikuwa nzima."

"Batu bakijua, batasema nini juu yako? Batasema, njo vile mwanamuke anafanyaka. Na juu ya komite batasema nini? Mambo ilishaisha, mama. Yule mama iko na fasi ya kulala. Umurudishie pasi yake polepole, umupe ata kitu kidogo, Mungu alishasamehe."

Nilikaa pale nikiipenda sana hekima yake. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, tena mlango ulio wazi, na kila alichokisema kuhusu watu kilikuwa kweli. Nilikunywa chai yake yote. Nilimwambia nitafikiri, na siku nne nzima nilifikiri namna ya kukubaliana naye.

Jumamosi kikundi kilikutana na komite kupanga igizo jingine. Nilinyoosha mkono kabla hawajaomba sala ya kufungua, kwa maana nilijua baada ya sala nisingeweza. Nilisema nikiwa nimesimama, na sauti yangu ilikuwa nyembamba mno. "Pasi ya yule mama haikuwa na kosa. Ni waya yangu, niliifunga vibaya kwenye bomba ya pazia. Yeye alinionyesha, nikamucheka. Na ile siku ya kupima, kipimo ilisema pasi ni nzima. Mi nikasema uongo."

Prezida aliangalia dirishani. Mwongozaji alivua kofia yake, akaivaa tena. Wale wawili waliocheka siku ile walitazama chini. Mwisho msichana mmoja aliyeigiza mke wa ndugu mkubwa akauliza, "Na yule mama iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Watu zaidi ya ishirini ambao aliwapigia pasi nguo na kuwafungulia pazia, na hakuna aliyejua. Mimi tu.

Chumba hakikurudishwa. Komite ilisema vyombo vya kwaya havina mahali pengine, na labda ni kweli. Walichonipa ni pasi, imefungwa kwenye gazeti. Niliipeleka Shari siku ile ile, jua likiwa bado juu. Aliifungua, akaipapasa chini kwa kiganja kuona kama ina kutu, akaiweka juu ya meza karibu na ile ya makaa.

"Hapa hakuna courant," alisema.

Nilipiga magoti mbele yake, kwenye vumbi la baraza, nikamwambia nilimsingizia, na kwamba siku ile nilijua.

"Simama, nguo yako inachafuka," alisema. Niliposimama akaendelea, "Mi pia nilijua. Kipimo yako, asubuhi yote ilikuwa inalia tii, tii, wakati unagusisha ncha zake, mi ninaisikia. Uliiweka ku pasi yangu, ikanyamaza."

"Mama, kwa nini haukusema mbele ya Prezida?"

"Ningesema nini? Weye njo fundi. Nilikuwa ninangoja weye useme."

Nikamwambia ninaweza kuvuta umeme kutoka nyumba ya jirani, wenyewe wakikubali. Alitazama paa la jirani.

"Uvute. Lakini nitaangalia."

Niliifanya kazi ile siku mbili. Aliangalia kweli. Alisimama chini ya kila msumari, akauliza waya huu unapita wapi, unagusa nini, mlango ukifunguka utaugonga au hautaugonga. Mahali pamoja ungegongwa; niliutoa nikaupitisha juu zaidi. Nilipomaliza alichomeka pasi mwenyewe, akangoja, akadondosha tone la maji kwa kidole. Lilitoa mvuke. Akavuta suruali moja kutoka kwenye rundo na kuanza kazi.

Mwenye nyumba, mama yule aliyemkaribisha, alitoka nje na sahani ya mchele aliokuwa anauchambua. Alinitazama mimi, akatazama ule waya mpya, akamgeukia mwenzake.

"Njo huyu alisema pasi yako inachoma nyumba?"

Yule mama hakuinua kichwa. Alinyoosha mstari wa suruali kutoka kiunoni mpaka chini, taratibu, akarudia mara ya pili.

"Ni yeye," alisema.

Mwenye nyumba aliendelea kunitazama. Nikakusanya koleo, bisibisi na mabaki ya waya, nikawaaga wote wawili kwa heshima, nikashuka njia nikitafuta moto, pikipiki ya kunirudisha nyumbani Mbunya.